Orodha ndefu na kidirisha cha swali katika ncurses

Swali, kutoka Kigoma
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandika kwa lugha ya C programu ya kuorodhesha mizigo inayopakiwa bandarini, nami ninatumia ncurses, maktaba ya kuchora madirisha ya maandishi kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta yetu ni ya zamani. Orodha ina mistari 300, ilhali skrini ina 24 tu. Aidha, nikifunga kidirisha kinachouliza "Futa mzigo huu?", maandishi yake hubaki juu ya orodha. Nifanyeje?

Jibu la kwanza
Ndugu, tengeneza pedi, yaani dirisha linaloweza kuwa kubwa kuliko skrini, kwa newpad(300, 80) (mistari 300, safu 80), uandike mistari yote humo mara moja, kisha uonyeshe sehemu yake kwa prefresh: namba mbili za mwanzo ni mstari na safu ya pedi unapoanzia, na nne zinazofuata ni pembe za eneo la skrini, ya juu kushoto na ya chini kulia. Mshale wa chini ukibonyezwa, ongeza namba ya kwanza kwa 1, lakini isizidi 300 ukitoa urefu wa eneo hilo.

Jibu la pili
Kuhusu kidirisha, delwin, amri ya kuondoa dirisha, huachia kumbukumbu tu wala haifuti kilichokwisha kuchorwa. Tumia touchwin, inayolitia dirisha lote alama kuwa limebadilika, kwa dirisha lililo chini yake, kisha ulichore upya. Wengi hupendekeza maktaba ya panel, inayopanga madirisha yanayolaliana, nami ninaipenda, lakini haishughulikii pedi.

Muulizaji
Asanteni sana. Kidirisha sasa kinaondoka chote, hata mstari wake wa chini uliokuwa ukinisumbua.