Tumelipia Mji wa Kale wa Mombasa, tukapelekwa duka la vinyago

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Mama yangu amefundisha historia shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Ameandika "Fort Jesus", ile ngome ya Mombasa, ubaoni sijui mara ngapi, na hajawahi kuitia machoni. Mwezi uliopita nikasema safari hii lazima aione. Nikalipa wakala mmoja hapa Nairobi shilingi 19,500 kwa watu wawili: tiketi za treni, gari la kutupokea, na alasiri yote Mji wa Kale tukiwa na mwongozaji.

Treni sina neno nayo. Ilitoka Syokimau saa mbili asubuhi, na kabla ya Voi mama akaona tembo, wamekuwa wekundu kwa udongo wa Tsavo, akafurahi kama mtoto. Saa nane hivi tuko Miritini. Sasa wasiojua: stesheni iko bara, si kisiwani, ni mbali na Mji wa Kale. Wakala analijua hilo vizuri. Tulikaa juani saa moja u nusu, mama amekalia begi, simu inaita haipokelewi.

Gari lilipokuja halikwenda Mji wa Kale. Lilikwenda duka la vinyago! Dakika hamsini tunaonyeshwa twiga wa mbao, na dereva anacheka na mwenye duka. Kila nikiuliza naambiwa, "Hii ni sehemu ya ziara." Nani aliniambia hivyo nilipokuwa nalipa?

Fort Jesus tuliingia saa kumi na moja na robo, na lango linafungwa saa kumi na mbili. Mwongozaji akaanza kwa kusema ngome ile ilijengwa na Sultani wa Zanzibar. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, Wareno ndio walioanza kuijenga, 1593." Kijana akajibu, "Ni yale yale tu, mama." Yale yale? Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, watu wakafia humo kwa njaa na maradhi, halafu mtu anayelipwa kuieleza anasema ni yale yale! Mama akauliza iko wapi michoro ya meli waliyoichora Wareno ukutani. Hajui. Akauliza habari za gereza, maana Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hajui. Alichojua ni, "Simameni hapa, panatoka picha nzuri."

Ndia Kuu, ile barabara ya Mji wa Kale, tuliipita garini. Msikiti wa Mandhry, wa tangu karne ya 16, haukutajwa kabisa. Ile milango ya nakshi mama aliiona kupitia kioo, kiza kinaingia. Usiku hotelini akaniambia, "Si kitu, nimeona." Hilo ndilo linaloniuma. Najua hakuona.

Nimemwandikia wakala mara nne nikitaka nusu ya pesa zangu. Jibu ni moja: "Huduma ilitolewa." Risiti ninayo na ujumbe wao wa ahadi ninao, ukisema wazi "alasiri nzima".

Walioko Mombasa, nani anamjua mwongozaji mwenye leseni, mzaliwa wa Mji wa Kale, atakayetembea na mama polepole kwa miguu? Tiketi nitanunua mwenyewe. Na aliyewahi kurudishiwa pesa na wakala wa namna hii aniambie alianzia ofisi gani.