Misaada kwa shule za umma: inambeba mwalimu au inaibeba serikali?

MLETA MADA

Wadau, kuna kauli naisikia kila mahali hadi imenichosha: "Mkizisaidia sana shule za umma, serikali inabweteka." Wanaoisema wanataka wafadhili wakae pembeni ili wapanga bajeti waone aibu. Mimi naipinga, ingawa si yote. Naomba tuijadili.

Nianze na nilichokiona. Nimefundisha shule ya umma miaka kadhaa, na kila muhula chaki zilikuwa zinaisha kabla ya mitihani. Tulikuwa tunaivunja moja vipande vitatu, na kile cha mwisho unaandika huku kucha zinakwaruza ubao. Wengine tukawa tunanunua maboksi kwa mshahara wetu. Siku moja akaja mfadhili, hakuuliza mtu, akaleta kompyuta ishirini. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Chumba kilichotengwa kwa ajili ya kompyuta hizo hakikuwa na soketi hata moja, kwa hiyo kesho yake zikaingia stoo zikiwa bado na plastiki zake. Na yale maneno "Karibu mgeni rasmi" yaliyokuwa ubaoni niliyaandika mimi, kwa chaki niliyoinunua mwenyewe.

Kwa hiyo sibishani na anayetoa. Ninachouliza ni nani anabaki na mzigo mgeni rasmi akishaondoka.

Mfano ninaoukubali ni wa Julius Rosenwald, tajiri wa Marekani aliyepata utajiri kupitia kampuni ya biashara ya Sears. Kuanzia 1912 hadi 1932, kwa wazo alilolijenga pamoja na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi, alisaidia kujengwa kwa shule karibu 5,000 za watoto weusi katika majimbo 15 ya kusini, kipindi ambacho serikali za huko ziliwabagua watoto hao waziwazi. Hakulipa gharama yote. Fedha yake ilikuwa kama asilimia 15 tu. Wanakijiji walichanga, na sehemu kubwa ikatoka kwenye kodi, kwa sababu sharti lake lilikuwa kwamba jengo likabidhiwe mamlaka ya elimu na liendeshwe kama shule ya umma. Hapo serikali haikupata nafasi ya kubweteka. Ilivutwa shati hadi ikatoa.

Naomba kuwasilisha.

MWALIMU WA HISABATI

Mkuu, umechagua mfano mtamu ukaruka mfupa. Hao wanakijiji unaowataja kwa neno moja, "walichanga", walitoa jumla inayozidi kidogo hata ya Rosenwald mwenyewe. Watu maskini, wengi wao wakilima mashamba ya wengine, walitoa fedha, mbao, ardhi na nguvu zao. Na kodi walikuwa wanalipa kama kawaida! Yaani shule moja waliilipia mara mbili, na jengo likaandikishwa kwa serikali ileile iliyowanyima tangu mwanzo. Wewe unaita kuvutwa shati. Mimi naona aliyevutwa ni mzazi.

MLETA MADA

Hapo umenipata, na sitajitetea sana. Ila niambie: wangesubiri haki yao itimie, watoto wa miaka ile wangesoma wapi? Mtoto wa darasa la kwanza hana miaka ishirini ya kungoja.

MZAZI

Mnabishania majengo wakati jengo ndiyo msaada rahisi kuliko yote. Kwangu mimi aulizwe mwalimu. Charles Best, mwalimu wa historia katika shule ya umma ya Bronx, New York, alianzisha tovuti ya michango ya DonorsChoose mwaka 2000 kwa utaratibu mwepesi tu: mwalimu anaandika anachohitaji, vitabu vya hadithi, darubini, zulia la kusomea, watu wanachangia, na shule inaletewa kitu chenyewe badala ya fedha taslimu. Hakuna tume, hakuna utepe. Mleta mada angeandika "chaki" angepata chaki.

MWALIMU WA HISABATI

Angepata, kama anajua kuandika ombi la kuliza watu. Jirani yake anayefundisha vizuri lakini hana maneno mengi atabaki na vipande vyake. Tena mwaka 2018 kampuni ya sarafu za kidijitali ya Ripple ilitoa dola milioni 29 kwenye mtandao huohuo, maombi yote yaliyokuwepo, zaidi ya 35,000, yakalipwa kwa mkupuo. Safi sana. Je, walimu waliacha kuomba? Hawakuacha, maana kilichozaa yale maombi kilikuwa palepale. Daktari haombi watu wamchangie bomba la sindano kabla ya kumtibu mgonjwa, ila mwalimu kuombaomba tumeshaona ni wito.

MDAU MWINGINE

Naongeza upande wa fedha nyingi. Mwaka 2010 Mark Zuckerberg alitangaza dola milioni 100 kwa shule za Newark, New Jersey, na wafadhili wengine wakaahidi kufikisha kiasi kama hicho. Tangazo lilitolewa kwenye kipindi cha Oprah Winfrey, na wazazi wengi wa Newark walilisikia hapohapo, sawa na sisi. Zaidi ya dola milioni 20 zikaenda kwa washauri. Mambo kadhaa yaliboreka baadaye, sisemi ilikuwa hasara tupu, ila mzazi aliyeletewa mageuzi kupitia televisheni hawezi kuyalinda kama yake.

MZAZI

Na sisi wazazi tusijisahau. Shule ya mtaa wenye uwezo inachangisha hadi inaajiri mwalimu wa muziki, ya mtaa wa pili haina hata wa kukusanya michango. Zote za umma! Huko Portland, Oregon, kwa miaka mingi shule iliyochangisha fedha za kuajiri ilibaki na dola 10,000 za kwanza, kisha theluthi ya kilichozidi hapo ikaenda kwenye mfuko wa shule zenye uhitaji. Walionung'unika walikuwepo, lakini naona lile lilikuwa sharti la kiungwana.

MLETA MADA

Nalichukua hilo la theluthi. Nami naongeza langu: anayeleta kifaa shuleni asaini pamoja na mamlaka ya elimu karatasi moja inayosema nani atalipia umeme, nani atatengeneza kikiharibika, na fedha hizo ziko kifungu gani cha bajeti. Kama hakuna anayetaka kusaini, kifaa kirudi. Mwalimu mkuu gani atathubutu kumrudisha mfadhili? Ndiyo maana nataka iwe kanuni na isitegemee ujasiri wake.

Mwalimu wa hisabati, bado nasubiri jibu la wale watoto wangesoma wapi.

MWALIMU WA HISABATI

Nalifikiria, sijalikimbia. Wakati nafikiria, tuambie zile kompyuta ziko wapi sasa.

MLETA MADA

Stoo. Mara ya mwisho nimepita pale walikuwa wamezipangia maboksi ya karatasi za mitihani juu yake.