Naomba ushauri: kijana anacheza futiboli ya Kimarekani, helmeti inatosha kweli?

Habari zenu wadau, hasa mlioko huku Marekani wenye watoto mashuleni. Kijana wangu ana miaka 14, kaingia timu ya shule hapa Ohio, mama yake hataki hata kusikia na mimi nimebaki katikati. Juzi kaja na helmeti aliyopewa, nikaigeuza ndani nikakuta sponji za upande wa sikio zimelegea, stika ya NOCSAE (wale wanaoweka viwango vya usalama wa vifaa vya michezo) ipo ila mwaka wa kutengenezwa umefutika, na ninavyojua helmeti zikipita miaka 10 hazikarabatiwi tena. Kocha anasema iko poa, mi mh!

Kinachoninyima usingizi ni kwamba helmeti inazuia fuvu lisipasuke lakini ubongo bado unacheza humo ndani kama kiini cha yai ukilitikisa, na yule daktari Mnigeria, Bennet Omalu, alipochunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa zamani wa mchezo huu, mwaka 2002 si tuliona madhara ya kugongwa miaka nenda rudi. Hata NFL wenyewe, ile ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, tangu 2022 wanawavalisha baadhi ya wachezaji kile kigodoro cha juu ya helmeti, Guardian Cap, mazoezini.

Sasa nimnunulie mpya (bei zake jamani, nyingine zinapita dola 400)? Nimkomalie kocha abadilishe, au dogo ataishia benchi? Au nimpeleke flag football, ile ya kuchomoana vitambaa kiunoni, mpaka akomae? Mliopitia hili nipeni ukweli, wa kejeli pita kushoto.