Je, mjamzito aache kula samaki kwa sababu ya zebaki?

Mama Mtarajiwa aliuliza:

Nina ujauzito wa miezi minne, na ndugu wa karibu amenisihi niache kabisa kula samaki, kwani amesoma kwamba samaki wa baharini wana zebaki inayoharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Daktari wa kliniki, kwa upande wake, ananihimiza nile samaki kwa faida ya ubongo huohuo. Ningependa kujua nimsikilize nani, na pia kama kumlowesha samaki katika maji ya ndimu au kumkaanga hadi akauke kunaondoa sumu hiyo. Samaki ninaowapenda zaidi ni jodari wa kopo na papa.

Mkemia wa Chakula alijibu:

Dada, wote wawili wana hoja, na kinachowapatanisha ni aina ya samaki. Zebaki inayotokana na uchomaji wa makaa ya mawe, uchimbaji mdogo wa dhahabu na hata volkano huishia majini, ambako bakteria wanaoishi katika tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa methilizebaki, ambayo utumbo wa binadamu huifyonza karibu yote na ambayo hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Viumbe wadogo huipata kwanza, samaki wadogo huwala viumbe hao, wakubwa huwala wadogo, na kwa kuwa kila mmoja huipokea haraka kuliko anavyoitoa, samaki mwindaji aliyeishi miaka mingi anaweza kuwa na kiwango kinachozidi mara milioni kile cha maji anamoogelea.

Kuhusu mapishi, hapana. Methilizebaki hushikamana na protini ya mnofu wenyewe, kwa hiyo ndimu, chumvi, kuchemsha na kukaanga haviiondoi. Tena, samaki anapokaushwa maji hupungua ilhali zebaki hubaki palepale, hivyo gramu moja ya mnofu mkavu hubeba nyingi kuliko gramu moja ya mnofu mbichi.

Tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2003 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ikilenga hasa kumlinda mtoto aliye tumboni. Kwa mama wa kilo 60 hizo ni mikrogramu 96. Vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani vinaonyesha wastani wa miligramu 0.98 za zebaki katika kilo moja ya papa, 0.35 katika jodari wa kopo aina ya albakora, takriban 0.13 katika makopo yanayojazwa jodari wa aina ndogo, na 0.013 tu katika sadini. Kipande cha papa cha gramu 150 kina basi mikrogramu 147 hivi, yaani mlo mmoja unavuka kikomo cha wiki nzima, wakati uzito uleule wa sadini hauna zaidi ya mikrogramu 2. Mwache papa hadi utakapomaliza kunyonyesha. Jodari wa kopo usome lebo yake, uchague aina ndogo.

Tahadhari Kwanza alijibu:

Hesabu ni nzuri, lakini mimi ningemshauri dada aache samaki wote. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, wapo akina mama walioonekana kuwa na dalili ndogo tu, ilhali watoto wao walizaliwa na ulemavu mkubwa wa ubongo. Aidha, wastani ni wastani: hakuna anayempima samaki yule hasa aliyeko kwenye sahani. Miezi michache bila samaki haijamuua mtu.

Mkemia wa Chakula alijibu:

Ndugu, Minamata ni onyo la kweli, lakini kule kiwanda kilimwaga taka za zebaki katika ghuba kwa miaka mingi, na samaki wake walikuwa na viwango ambavyo havifanani kabisa na vya samaki wa kawaida. Mifano iliyo karibu zaidi na swali letu ni miwili. Katika visiwa vya Faroe, ambako zebaki ya akina mama ilitokana zaidi na nyama ya nyangumi, watoto wa miaka 7 waliokuwa wameipata kwa wingi tumboni walionekana kubaki nyuma kiasi katika umakini, kumbukumbu na lugha. Huko Shelisheli, ambako akina mama walikula samaki wa baharini karibu kila siku, watafiti hawakuona madhara ya namna hiyo kwa uthabiti. Mwaka 2010 wataalamu wa FAO na WHO walipima pande zote mbili na kuona kwamba, katika hali nyingi, mama anayekula samaki hupunguza hatari ya mtoto kuchelewa katika ukuaji wa ubongo, ukimlinganisha na asiyekula. Kuacha samaki kabisa kuna gharama yake, ila gharama hiyo haionekani kwa macho, na ndiyo maana huwa tunaisahau.

Nakubaliana nawe kuhusu wastani. Hata hivyo, tofauti kati ya sadini na papa ni zaidi ya mara 70, na tofauti kubwa hivyo haifutwi na samaki mmoja aliyezidi wenzake.

Mkunga Mstaafu alijibu:

Naomba kuongeza jambo moja, kwa kuwa mazungumzo yamebaki kwenye zebaki pekee. Kuna sumu nyingine, dioksini na zile kemikali za viwandani zinazojulikana kama PCB, ambazo hukaa kwenye mafuta ya samaki. Kwa hizo, mapishi husaidia kwa kiasi: ondoa ngozi na mafuta ya tumboni, choma juu ya wavu ili mafuta yadondoke, wala usiyatumie kwa mchuzi. Kwa kaa, nyama laini ya rangi ya kahawia iliyo ndani ya gamba ndiyo inayokusanya kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Nyama nyeupe ya miguu na magando ina kidogo sana. Samaki wa mito iliyo chini ya machimbo ya dhahabu au viwanda wana hukumu yao, na hao usile kabla ya kuuliza mamlaka inayopima maji hayo.

Mama Mtarajiwa aliandika:

Nawashukuru sana. Nimekuwa nikila papa karibu kila wiki hadi mwezi uliopita. Je, nimechelewa? Na mtoto wangu wa miaka miwili naye nimpe kiasi gani?

Mkemia wa Chakula alijibu:

Hujachelewa, dada. Nusu ya methilizebaki iliyo mwilini huondoka kwa takriban siku 50, kwa hiyo kiwango chako kimeshaanza kushuka, na ubongo wa mtoto unaendelea kukua hadi baada ya kuzaliwa. Mweleze daktari kuhusu papa. Akiona haja, kipimo cha damu au cha nywele kitaonyesha ulipofikia. Wewe mwenyewe, mwongozo wa Marekani unapendekeza gramu 227 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo, kama sadini na samoni. Mtoto wa miaka miwili apewe gramu 28 hivi kwa mlo, mara mbili kwa wiki, kutoka katika samaki haohao.