Jedwali la Excel lililounganishwa na Access linatoa #Num! na "Type mismatch", nibadilishe wapi aina ya data?

daftari_la_hazina

Wakuu, salaam. Kuna hifadhidata ya Access ya SACCOS yenye jedwali tblWanachama. Kila tawi linaleta faili la Excel (.xlsx) la makato ya mwezi, na faili hilo limeunganishwa kwa External Data > New Data Source > From File > Excel, halafu "Link to the data source by creating a linked table". Jina lake ndani ya Access ni xlMakato. Safu ni NambaMwanachama, NIDA, Simu, TareheMalipo, Kiasi na Maelezo.

Kweri (query) inayooanisha NambaMwanachama ya Excel na ile ya tblWanachama inagoma: "Type mismatch in expression". Kwenye Excel namba inaonekana 000457, kwenye Access inakuja 457. Kiasi kinasomeka mistari mingi, mingine ni #Num!. NIDA hivyo hivyo. Maelezo marefu yanakatika katikati ya sentensi.

Nimefungua xlMakato kwenye Design View nibadilishe aina ya data, Access imekataa. Nimerudi Excel, nikachagua safu nzima na kuipa fomati ya Text, nikahifadhi na kuunganisha upya. Hakuna kilichobadilika. Mistari ni kama 2,300, kuiandika upya haiwezekani. Nianzie wapi?

fundi_jedwali

Karibu mkuu. Ukishajua Access inavyoamua aina ya data, mengi hapo yatajieleza.

Excel haina aina ya data kwa safu. Kila seli inajitegemea: hii namba, ya chini yake maandishi, inayofuata tarehe. Access inataka safu nzima iwe na aina moja. Basi wakati wa kuunganisha inachungulia mistari minane ya mwanzo na kukisia. Minane hiyo ikiwa namba, safu inaitwa Number, na mstari wa 900 ukileta neno "hajalipa" Access haina pa kuliweka, inakuandikia #Num!. Kinyume chake pia hutokea: safu ikikisiwa kuwa maandishi, seli chache za namba ndizo zinazopotea. Design View inakukatalia kwa sababu jedwali lililounganishwa ni dirisha tu la kutazamia faili la nje. Usihangaike hata kurekebisha thamani ukiwa ndani ya Access, tangu 2005 Microsoft iliondoa uwezo wa kuhariri Excel kupitia kiungo.

Fomati ya Text haikusaidia kwa kuwa fomati hubadilisha sura ya seli, haigusi kilichokwisha kuhifadhiwa ndani. 457 iliyopambwa kwa fomati 000000 inaonekana 000457, lakini ndani ni 457. Ukiipa Text leo, ndani bado ni namba mpaka iingizwe upya. Huna haja ya kuandika chochote: chagua safu moja, nenda Data > Text to Columns, acha Delimited, bonyeza Next mara mbili, kwenye hatua ya tatu chagua "Text", kisha Finish. Seli zote za safu hiyo zinageuka maandishi kwa mkupuo. Rudia kwa NambaMwanachama, Simu na Kiasi, maana Text to Columns inakubali safu moja kwa wakati. NIDA iache kwanza. Hifadhi, funga Excel, futa kiungo ndani ya Access na uunganishe upya. Ukiacha kiungo cha zamani kitabaki na aina kilizokisia mwanzo.

Maelezo kukatika ni kisa hicho hicho. Kama mistari minane ya juu ina maelezo mafupi, safu inakuwa Short Text, na mwisho wake ni herufi 255. Pandisha mstari wenye maelezo marefu kuliko yote uwe wa kwanza chini ya vichwa, ndipo uunganishe. Itakuwa Long Text. Halafu kwenye kweri usiweke DISTINCT wala GROUP BY juu ya safu hiyo, zitaikata tena kwenye 255.

mlinzi_wa_seva

Nyongeza kwa anayeweza kugusa rejista ya Windows (Registry). Ile mistari minane ya kukisia inatoka kwenye mpangilio uitwao TypeGuessRows. Kwa Office ya Click-to-Run iko hapa:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Office\ClickToRun\REGISTRY\MACHINE\Software\Microsoft\Office\16.0\Access Connectivity Engine\Engines\Excel

Ukiweka 0, inakagua mistari hadi 16,384 badala ya 8. Faili la mistari 2,300 linaingia lote. Hifadhi nakala ya ufunguo huo kabla ya kugusa.

fundi_jedwali

Inafanya kazi, ila nisingeijengea mfumo wa ofisi. Mpangilio huo ni wa kompyuta moja. Karani akifungua hifadhidata hiyo kwenye mashine nyingine, ukisiaji unarudi minane na hatajua kwa nini jumla ya mwezi imepungua. Isitoshe, kukagua mistari mingi kunaboresha ukisiaji tu, bado ni kukisia.

Bila kugusa rejista, tumia IMEX, kigezo cha kiungo kinachoamua safu mchanganyiko isomweje. Bonyeza Ctrl+G upate dirisha la Immediate, andika:

?CurrentDb.TableDefs("xlMakato").Connect

Utaona HDR=YES;IMEX=2. Sasa tengeneza kweri mpya, ingia SQL View, na usome faili moja kwa moja:

SELECT * FROM [Excel 12.0 Xml;HDR=NO;IMEX=1;DATABASE=C:\Makato\tawi1.xlsx].[Makato$] WHERE F1<>"NambaMwanachama";

HDR=NO inamfanya msomaji auone mstari wa vichwa kama data. Vichwa ni maneno, kwa hiyo kila safu yenye namba inaonekana mchanganyiko, na IMEX=1 inasema mchanganyiko usomwe kama maandishi. Safu zinaitwa F1, F2, F3 na kuendelea. WHERE inauondoa mstari wa vichwa, na inaondoka na mistari mitupu ya mwisho wa karatasi, ambayo nayo husumbua.

Angalia Simu kwa makini lakini. Aliyeandika +255712345678 kwenye seli ya kawaida, Excel imeichukua kama namba na kuionyesha 2.55712E+11. Kwa IMEX=1 maandishi hayo hayo, 2.55712E+11, ndiyo yanayoweza kuingia Access, na hapo simu imepotea. Panua safu na uipe fomati ya Number bila desimali kabla ya kusoma.

daftari_la_hazina

Asanteni sana wakuu. Nimefanya Text to Columns, #Num! za Kiasi zimeondoka na nimeona chanzo: kuna "250,000/=", kuna "hajalipa", kuna kistari peke yake. Nimejaribu Val([Kiasi]) kuigeuza kuwa namba, "250,000/=" imetoa 250!

NIDA ndiyo inanitisha. Baadhi ya seli zinaonyesha kitu kama 1.99912E+19. Na TareheMalipo: tawi moja lina tarehe nyingine zimelala kushoto mwa seli, nyingine kulia.

karani_wa_takwimu

Nianze na NIDA, hiyo haina dawa ndani ya kompyuta. Excel inahifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. NIDA ina 20. Aliyeandika kwa vistari, 19991231-11111-22222-33, amesalimika, kwa sababu vistari vimeifanya kuwa maandishi. Aliyeandika 19991231111112222233 mfululizo kwenye seli ya General amepoteza tarakimu tano za mwisho palepale alipobonyeza Enter. Ndani ya seli kuna 19991231111112200000. Tarakimu zilizopotea ni sehemu ya zile zinazomtofautisha mtu na mwenzake, kwa hiyo wanachama wawili wanaweza kujikuta na NIDA moja. Hakuna fomula ya kuzirudisha. Ndiyo maana fundi amekwambia uiache safu hiyo: ukiigeuza kuwa maandishi sasa, unaficha ushahidi wa zilizoharibika. Weka safu ya pembeni =ISNUMBER(B2), chuja TRUE, na orodha hiyo irudi tawini wakasome upya kwenye fomu za wanachama.

Kwenye faili la mfano mtakalowapa matawi, safu ya NIDA ipewe fomati ya Text kabla haijaandikwa chochote, kisha Data Validation > Custom:

=AND(ISTEXT(B2),LEN(B2)=20)

LEN peke yake haitoshi, maana namba iliyoharibika nayo inahesabika 20. Waambie waandike bila vistari. Na wajue kwamba Data Validation haizuii thamani iliyobandikwa kutoka faili jingine, hivyo ISNUMBER ibaki kuwa ukaguzi wa kila mwezi.

Tarehe sasa. Hizo za kushoto ni maandishi, za kulia ni tarehe halisi, na usiziamini za kulia. Kompyuta ya tawi hilo huenda Windows yake iko kwenye mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Karani akiandika 13/04/2024, hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo inabaki maandishi upande wa kushoto. Akiandika 03/04/2024 akimaanisha tarehe 3 Aprili, Excel inaikubali kama tarehe 4 Machi na kuilaza kulia kana kwamba iko salama. #Num! walau inapiga kelele. Hii inakaa kimya, na malipo ya Aprili yanahesabiwa Machi.

Dalili ni hii: chuja za kulia na uangalie siku. Kama hakuna hata moja iliyopita 12 na za kushoto zote zimepita 12, huo ndio ugonjwa wenyewe. Thibitisha kwa risiti mbili tatu. Ukiwa na uhakika, kwenye safu ya pembeni:

=IF(ISNUMBER(D2),DATE(YEAR(D2),DAY(D2),MONTH(D2)),DATE(RIGHT(D2,4),MID(D2,4,2),LEFT(D2,2)))

Sehemu ya kwanza inabadilishana siku na mwezi kwa zilizogeuzwa, ya pili inasoma maandishi ya 13/04/2024 kwa nafasi zake. Bandika matokeo juu ya safu ya asili kwa Paste Values. Matawi mengine ambayo yako sawa usiyaguse kwa fomula hii, utayageuza wewe mwenyewe. Na ndani ya Access usitegemee CDate kwa maandishi ya tarehe: inafuata mpangilio wa Windows, na siku isipowezekana inabadilisha mpangilio bila kukwambia. DateSerial ni salama zaidi.

Ukikuta tarehe imekuja kama 45292, hiyo haijaharibika. Ndiyo namba ya siku ya 1 Januari 2024, CDate(45292) inairudisha. Zikipishana kwa miaka minne na siku moja, faili lina mfumo wa tarehe wa 1904. Uzime kwenye File > Options > Advanced kabla data haijaingizwa. Ukiuzima baadaye, tarehe zilizomo zitasogea zenyewe.

fundi_jedwali

Val inasoma kutoka kushoto na kusimama kwenye herufi ya kwanza isiyo ya namba. Mkato wa "250,000/=" umeisimamisha kwenye 250. "hajalipa" ingekupa 0, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu inaonekana kama jibu. Safisha kwanza, kisha uulize kama ni namba:

KiasiSafi: Replace(Replace(Trim(Nz([Kiasi],"")),"/=",""),",","")

KiasiTZS: IIf(IsNumeric([KiasiSafi]),CCur([KiasiSafi]),Null)

CCur, usitumie CDbl, hizi ni fedha. Zinazobaki Null zitoe kwenye kweri ya pembeni uzisome kwa macho.

Namba ya mwanachama na simu:

Namba: Format(Trim([NambaMwanachama]),"000000")

SimuSafi: "0" & Right(Replace(Trim([Simu])," ",""),9)

Ya pili inaokoa 712345678 iliyokatwa sifuri na 255712345678 pia, zote zinakuwa 0712345678. Itakayotoka na urefu usio 10, au yenye herufi O mahali pa sifuri, irudi tawini.

Hifadhi kweri hiyo kwa jina qryMakatoSafi. Uoanishe Namba yake na ya tblWanachama, zote sasa ni maandishi, na "Type mismatch" itaondoka. Ripoti zisiguse xlMakato moja kwa moja. Tengeneza tblMakato ndani ya Access yenye aina ulizochagua mwenyewe: Namba Short Text 6, NIDA Short Text 20 (ukishaondoa vistari), SimuSafi Short Text 10, TareheMalipo Date/Time, KiasiTZS Currency, Maelezo Long Text, na safu mbili za tawi na mwezi. Kila mwezi mimina kwa append kweri (kweri ya kuongeza mistari kwenye jedwali) kutoka qryMakatoSafi. Weka Unique Index ya Namba, tawi, mwezi na TareheMalipo kwa pamoja, ili faili likimiminwa mara mbili Access ikatae. Mwanachama anayelipa mara mbili siku moja ongezea namba ya risiti kwenye index hiyo.

mlinzi_wa_seva

Kama matawi yanaweza kutoa CSV (faili la maandishi matupu), kiungo cha Text File kina kitufe cha "Advanced..." ambacho kinakuruhusu kutaja aina ya kila safu na kuihifadhi kwa "Save As". Hapo Access inafuata ulichoandika. Weka Code Page iwe UTF-8 na mpangilio wa tarehe DMY. CSV hiyo mtu asiifungue kwa Excel na kuihifadhi tena, sifuri za mwanzo na NIDA vitaondoka upya.

daftari_la_hazina

ISNUMBER imetoa NIDA 61 zilizoharibika, orodha inakwenda matawini leo. Tarehe za tawi lile, risiti tatu kati ya tatu zimethibitisha siku na mwezi vimegeuka. qryMakatoSafi inaoanisha bila kugoma, na Kiasi zilizobaki Null ni 14, zote "hajalipa" au kistari.