Darasa la kwanza na bado hajui kufunga kamba za viatu, nisaidieni

MamaWawili
Habari za jioni jamani. Kijana wangu ana miaka sita, kaanza darasa la kwanza Januari. Chekechea alivaa viatu vya kunata, hatukuwa na shida. Huku wanataka vyeusi vya kamba. Basi la shule linapita saa kumi na mbili kasoro, na kila asubuhi ni mimi nimepiga magoti mlangoni huku dereva anapiga honi. Wiki ya tatu sasa nampakata, namshika mikono, tunafunga wote polepole. Akiachiwa peke yake anatoa fundo la kufungia mbuzi. Siku akibahatika, anarudi jioni kamba zinaburuta matope. Baba yake anasema ni uvivu. Nifanyeje?

Kipepeo
Sita bado mdogo, dada. Wangu alijua akiwa na saba. Mnunulie vya kunata vyeusi, nani atakagua?

MamaWawili
Mwalimu wa zamu anakagua, tena getini!

MwalimuMstaafu
Huyo si mvivu, mwambie baba yake. Kumpakata umefanya vizuri, ila usianze na kiatu kikiwa mguuni. Kiweke mezani, ncha ikitazama mbele, vile atakavyokiona akikivaa. Tia kamba za rangi mbili, uweze kusema "nyeusi ipite chini ya nyeupe", siyo "hii, aah, siyo hiyo".
Halafu mwanzishe kutoka mwisho. Funga wewe yote, yeye avute vitanzi viwili vikaze, basi. Akizoea, mwachie na hatua iliyotangulia hiyo. Kila siku anainuka kamaliza yeye. Ukimwanzisha mwanzo, anakwama katikati na kiatu kinarushwa ukutani.

FundiKibandani
Hiyo ya kufunguka niachieni mimi. Akishafunga, tazama vitanzi vimelalaje. Vikikatisha kiatu, kimoja kushoto kimoja kulia, fundo ni zuri. Vikielekea kimoja vidoleni kingine kisigino, fundo limepinda, litaachia lenyewe akitembea. Dawa yake ni kugeuza ule mpishano wa kwanza tu. Kama alianza kwa kuweka kushoto juu ya kulia, aanze kulia juu ya kushoto. Mengine asiguse. Wateja wangu wazee wazima wanakosea hapo hapo.
Na zile kamba za nailoni za mviringo zinateleza. Nunua bapa za pamba.

Kashoto
Samahani mama, kijana anaandika kwa mkono gani?

MamaWawili
Kushoto. Bibi yake anambana kwenye kula tu.

Kashoto
Nilijua! Mwalimu shikamoo, lakini kwa huyu kupakatwa kunamchanganya, maana mama anamwongoza kwa mkono wa kulia. Mama, kaa mbele yake, mtazamane, kila mmoja na kiatu chake. Akuige kama anajitazama kwenye kioo, kulia kwako ni kushoto kwake. Mimi nilichapwa kwa sababu ya kamba hizi hadi darasa la tatu, mpaka shangazi alipokaa mbele yangu kibarazani siku moja.

MwalimuMstaafu
Marahaba. Hapo umenifunza, na nimefundisha watoto miaka mingi.

Kipepeo
Kumbe kuna fundo la kupinda? Nimeangalia raba zangu, nimenyamaza.

MamaWawili
Narudi na mrejesho, leo siku ya tano. Tumekaa uso kwa uso, kamba moja nyeupe moja nyeusi. Kiatu cha kulia kafunga mwenyewe, vitanzi vimelala kama alivyosema fundi. Cha kushoto nimemalizia mimi, honi ilishaanza. Sasa shida nyingine, hataki kuzivua kamba za rangi mbili, na Jumatatu mwalimu wa zamu ni yule yule.

FundiKibandani
Ipake ile nyeupe kiwi nyeusi Jumapili usiku. Iache ikauke vizuri.