Hoteli ya "nyumba ya kale" katikati ya mji Tanga: tumelipa 740,000, mama yangu akainuliwa barazani

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo siku nne nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Tulikwenda Tanga kwenye harusi ya mtoto wa mama mdogo, mimi na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 71 na kazaliwa palepale mjini, kwenye zile barabara zinazoteremka kuelekea bandarini. Babu alikuwa karani wa kampuni ya kusafirisha mkonge. Walihama miaka ya 70, biashara hiyo ilipoporomoka, na tangu hapo mama hajawahi kulala tena mtaani kwao. Akija Tanga hufikia kwa ndugu Ngamiani, ng'ambo ya reli. Kwa hiyo nilipoona mtandaoni kwamba nyumba moja ya kale, ya tatu tu kutoka ilipokuwa yao, imekarabatiwa ikawa hoteli ya vyumba 9, sikufikiri mara mbili. Vyumba viwili, usiku wawili. Nilitaka mama aamke asubuhi pale alipokulia.

Jina la hoteli silitaji. Malalamiko rasmi naandaa.

Nianze na hela. Bei waliyonitumia ilikuwa dola 65 kwa chumba. Mimi Mtanzania, hoteli iko Tanzania, kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu nchini, na bado natumiwa dola. Nilipofika mapokezi dola zikageuzwa shilingi kwa kiwango wanachokijua wao: 185,000 kwa chumba, kwa usiku mmoja. Jumla 740,000, zote zilipwe kabla ya kukabidhiwa funguo. Nikaomba risiti ya mashine. Naambiwa mashine mbovu. Nikaandikiwa karatasi kwa kalamu, haina hata namba ya mlipa kodi. Nilikosea kulipa, nakiri, lakini mama alikuwa amechoka na safari kutoka Dar, nikataka apumzike.

Chumba sasa. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu watu wa Tanga mtanielewa. Nyumba zile za zamani zilijengwa na watu waliolijua joto la pwani. Dari juu sana, matundu ya hewa chini ya paa, madirisha ya mbao ya vibao, roshani inayokinga jua lisipige ukuta. Ukuta ni mawe na chokaa, unafyonza unyevu na kuutoa. Hawa wamefanya nini? Wameshusha dari kwa jipsamu na kuziba matundu yote. Mbao wameng'oa, wameweka aluminiamu na kioo kisichofunguka zaidi ya kiganja. Juu ya chokaa wamepiga saruji, na juu ya saruji rangi ya mafuta. Unyevu umekosa pa kutokea. Kwenye chumba cha mama ukuta wa upande wa kitanda umevimba kama jipu, na usiku wa kwanza kipande cha lipu kikubwa kama sahani kilidondoka karibu na mto wake. Karibu na mto wa mwanamke wa miaka 71!

Saa 4 usiku umeme ukakatika. Jenereta ipo, nimeiona kwa macho yangu, lakini kijana wa zamu akasema mafuta yanatunzwa na meneja, na meneja hapokei simu. Kiyoyozi kimezima, hewa haiingii, dirisha halifunguki. Nyumba hiyohiyo zamani hakuna aliyelala na joto ndani yake, bila umeme wowote. Nikashuka kumtoa mama nje apate upepo wa bahari. Mlango umefungwa kwa kufuli. Hufungwa saa 2 usiku, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi alikuwa amekwenda kula. Hakuna mlango mwingine. Madirisha ya chini yote yana nondo. Wakuu, moto ungetokea usiku ule mngesoma habari zetu magazetini. Tulikaa kwenye ngazi dakika 50 nikimpepea mama kwa kanga yake mwenyewe.

Nilipouliza kwa nini mnafunga saa 2, dada wa mapokezi akanijibu, "Kaka, huku mjini usiku si salama, hakuna watu." Mimi nasema hakuna watu kwa sababu kila anayepata jengo pale analifunga. Mji ule haukufa kwa bahati mbaya. Mkonge uliletwa pwani yetu mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo ukasimama mji mzima: reli, bandari, maghala, maduka ya Wahindi, makarani kama babu yangu. Mwaka 1964, mama akiwa na miaka 10, nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 na hakuna aliyetuzidi duniani. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa, viwanda vikafuata kufa kimoja kimoja. Stendi ya mabasi nayo ikapelekwa Kange, nje ya mji. Leo ukipita kati ya mji jioni unasikia ndala zako mwenyewe. Lakini watu wapo. Yule mama wa vitumbua yupo kwenye kona. Wazee wa kahawa wapo. Bandari imeongezwa kina na meli sasa zinafunga gatini, bomba la mafuta kutoka Uganda linaishia Chongoleani, wageni wanaanza kuingia. Ndiyo wakati wa kufungua milango, si wa kutia kufuli.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Nyumba ile ina baraza la mawe kwa mbele, refu, limelainika kwa miaka ya kukaliwa. Mama aliniambia wakiwa watoto walikuwa wakikaa hapo baada ya madrasa kusubiri magari ya mkonge yapite. Jioni ya kwanza, kabla ya yote hayo ya usiku, akavaa vizuri, akatoka, akakaa. Haikupita dakika tano mlinzi akamfuata: "Bi mkubwa, hapo haparuhusiwi kukaa. Wateja wanakaa juu." Mama akamwambia taratibu kwamba yeye ni mteja, na hapo amekaa tangu hajaota meno ya ukubwani. Mlinzi akajibu ni amri ya tajiri, watu wakiona mtu amekaa nao watakaa. Kwamba ndiyo maana wanaweka mnyororo kulizuia baraza. Mama akainuka. Hakusema neno. Mimi nilikuwa mapokezi nabishana habari ya risiti, niliporudi nikamkuta amesimama pembeni ya baraza ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri basi.

Na pale mapokezi, ukutani, wametundika picha kubwa ya zamani ya watu wamekaa kwenye baraza hilohilo. Picha hiyo ndiyo wanayojitangazia mtandaoni. Waliomo ndani yake, au wenzao waliobaki, hawatakiwi.

Haikuishia hapo. Asubuhi yake shoga yake mama, wamesoma madrasa moja, akaja kwa bajaji kutoka Ngamiani kumsalimia. Kaja na mkate wa kumimina na mbaazi za nazi kwenye hotipoti, kaamka alfajiri kupika. Akazuiwa mlangoni. Wageni wa wateja hawapandi, chakula cha nje hakiingii. Bibi wa watu akasimama juani na hotipoti yake mpaka mimi nilipopigiwa simu na mwenye bajaji. Ndani humo staftahi yao ilikuwa mkate wa slaisi, soseji moja, na juisi ya boksi. Juisi ya boksi Tanga! Machungwa ya Muheza yanauzwa hatua chache kutoka mlangoni kwao! Samaki wanashushwa soko la Deep Sea kila siku, wao wanakupa tambi na mchuzi wa kopo. Hakuna shilingi yangu hata moja kati ya zile 740,000 iliyomfikia mtu wa mtaa ule.

Na vijana wenyewe wa kazi siwalaumu. Dada anayefanya usafi alimwambia mama wana miezi miwili hawajalipwa. Mlinzi yule naye akaniomba radhi baadaye, akasema ana mama yake pia. Hasira zangu ni kwa mwenye mali na meneja wake.

Tuliondoka asubuhi hiyohiyo. Nikaomba nirudishiwe usiku wa pili, 370,000. Meneja, ambaye safari hii alipokea simu, akasema utaratibu hauruhusu, na kwamba "kama mlitaka kukaa barazani mngefikia uswahilini." Maneno yake hayo, sijaongeza. Tukafikia kwa shoga yake mama, Ngamiani. Mama alikaa barazani kwake mpaka saa 5 usiku, watu wanakuja wanamwamkia.

Ninachotaka ni vitu vitatu na sitashuka hapo: 370,000 zangu, risiti halali ya usiku tuliolala, na ule mnyororo utolewe. Picha za ukuta, karatasi yao ya kalamu na ujumbe wao wa dola ninavyo vyote. Wenye uzoefu naomba mnisaidie: habari ya risiti nitapeleka TRA, watu wa kodi, lakini mlango mmoja wenye kufuli usiku naanzia Zimamoto mkoa au Halmashauri ya Jiji? Na je, kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hoteli bila kwenda mahakamani, alifanyaje? Jumatatu nampigia meneja tena. Mrejesho nitauleta hapahapa.